Mulinitumia Mbingu Tupu

Odile mwanangu,

Mufuko ulifika. Mushofere wa basi aliuleta mpaka kwenye meza yangu ya mikate, hapa Dilala: "Mama Odile, zawadi ya mutoto kutoka Lubumbashi!" Niliufungua mbele ya batu nikijua ni kitenge. Kumbe bipande bya karto, karatasi ngumu, byote bluu.

Halafu ukapiga simu, unacheka. Ule muchezo wa kuunganisha bipande mpaka binakuwa picha, we na Mama Solange, mwenye nyumba unamokaa, mumepata wa namna mupya. Hauna picha ya kufuata, munajenga bila kujua munajenga nini. Nyumba, batu na maua mukajiwekea. Mi mukanitumia mbingu. "Ni maman Solange alisema tukugawie, usijisikie peke yako." Mwishoni, haraka haraka, ukasema likizo hii hukuji, munataka kumaliza, nikimaliza yangu niiweke kwenye basi.

Nilisema merci. Lakini lile neno "maman" nililirudia mbele ya mikate mpaka jioni.

Unakumbuka bifuniko bya chupa? Ulikuwa unabiokota barabarani, unabipanga nyuma ya nyumba mpaka binakuwa tembo. Mi nakanda unga, nakuangalia. Nikinyoosha mukono nikuonyeshe pa kuweka sikio, unanipiga kwenye kidole: "Mama, niache, nitapata." Nilikuacha. Sasa kwenye picha za simu naona mukono wa Mama Solange juu ya mukono wako, na humupigi. Tena unamuita maman. Najua ni heshima, kila mama mukubwa tunamuita hivyo. Lakini we ulilisema polepole, kama mutoto anayetaka kubebwa.

Nilitaka kurudisha mufuko. Nikajisemea hapana, yule mama asifikiri mi nimeshindwa. Nikaleta sinia kubwa, nikaanza. Zamani nikichagua mawe ya shaba kule mutoni, rangi ndiyo ilikuwa inaniambia lipi nichukue. Huku rangi ni moja, macho hayasaidii kitu. Unashika kipande, unakigeuza, kinakataa, unachukua kingine. Lori ya mugodi ikipita, meza inatetemeka, mi nalala juu ya sinia na mikono yote miwili. Jirani Mama Monga akanikuta hivyo.

"Eh, Mama Odile, unajenga mbingu? Na paa yako inavuja!"

"Paa haina mupinzani," nikamujibu.

Jana kipande cha mwisho kiliingia. Nilipiga kelele mpaka Mama Monga akakuja mbio na fimbo, akifikiri ni nyoka. Mbingu yote, Odile, hata tundu moja hakuna. Na we hukuwepo.

Sasa sikia. Mbingu yangu haipandi basi. Ikitoka hapa itafika bipande, mutaiunganisha ninyi wawili, mi nitaiangalia kwenye simu. Hapana. Ninyi ndiyo mubomoe. Tia nyumba, batu na maua kwenye mufuko, ukuje nabyo. Kwenye basi usikae dirishani, vumbi inaumiza kifua chako. Na ule kwanza kabla ya kupanda.

Mama Solange akitaka kuona mwisho wa picha, naye akaribie. Nitamupikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nitamushukuru kwa byema byote anabyokutendea. Atakaa ng'ambo ya meza. Karibu yako ni pangu.

Nakungoja,

Mama yako, yule wa kukuzaa