Upande wa Kushoto wa Gauni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na kitinda mimba wako, bado hali mpaka abembelezwe? Huku tupo. Mimi mzima, ingawa uzima wenyewe ni wa kusimama tu. Nikikaa kwenye cherehani nasinzia mguu ukiwa kwenye pedali. Kaka anakwenda kazini na kurudi, hana neno. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito. Karatasi hainikatizi.

Nianze na Mama, maana najua macho yako yanamtafuta yeye. Amemaliza dripu ya nne. Zimebaki nne nyingine, kisha ndipo wataliondoa titi la kushoto. Nywele zimekwisha zote, kucha zimekuwa nyeusi, na mdomo una vidonda, hata uji anaunywa ukiwa umepoa kabisa. Lakini matroni wa bweni ni matroni hata akistaafu. Juzi kwenye chumba cha dripu aliwaamuru wagonjwa wenzake wapange viatu vyao mstari mmoja, nao wakatii, mpaka muuguzi akamuuliza kama anataka ajira. Tulicheka sana. Siku mbili zilizofuata alitapika hata maji.

Beseni la kutapikia analishika wifi. Nakuomba usiikunje barua hapa. Mimi naenda jioni nikishafunga duka, nakaa saa moja, narudi kwangu nikijiona nimefanya kazi kubwa. Anayemwogesha, anayemkumbusha vidonge na anayewahi foleni ya hospitali alfajiri ni mke wa kaka yetu.

Ule ujumbe wako mrefu kwa kaka, amenionyesha. Ulisema mwanamke anayekaa nyumba moja na mama mkwe na kumfulia nguo hawezi kukosa kuona titi linaharibika. Kwamba aliona akanyamaza, akingoja nyumba ibaki yake. Na kwamba hutakanyaga hapa maadamu yumo. Maneno hayo yamemwingia kaka. Wiki iliyopita alimwambia mkewe kwamba mwezi ukiisha aende kwao akapumzike kwanza, na sote tunajua kupumzika kwa namna hiyo kunaishia wapi. Wifi aliendelea kukamua taulo. Mama hajui lolote kati ya haya. Tumemficha, na kwa kuficha sisi hatujambo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umesikia vipande vipande. Mama huoga mlango ukiwa na komeo, unamjua. Hata sisi aliotuzaa hatukuwahi kumwona bila kanga kifuani. Wifi angemwonea wapi? Alichokiona ni doa la majimaji yenye damu kwenye blauzi, siku ya kufua. Alimuuliza, Mama akasema ni chunusi. Wifi hakuridhika. Akamwomba waende hospitali, Mama akakataa kwa ukali wa kibweni. Basi siku ya tatu wifi akajifanya tumbo linamkata, akalia kweli machozi, akamwomba Mama amsindikize. Walipofika akamnong'oneza daktari shida yenyewe ni ya nani. Mama alimnunia wiki nzima kwa ujanja huo.

Huyo daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimkagua, akamtuma kwenye picha, kisha wakamchoma sindano nene na kutoa kinyama cha kupeleka maabara. Majibu yalipotoka alituita sote. Alisema ni saratani, iko hatua ya tatu, na inatibika ingawa safari ni ndefu. Kisha akasema, bila kumlaumu mtu, kwamba uvimbe ule haukuanza jana, na angeletwa mwaka mmoja nyuma wangeukuta mdogo. Kaka alikusimulia, nawe ukaishika sentensi hiyo moja ukamchapa nayo wifi. Mimi nilikuwepo pale, nikatazama sakafu.

Mdogo wangu, kaa chini kama umesimama.

Aliyejua ni mimi.

Unakumbuka gauni la zambarau alilovaa Mama kwenye mahafali ya mjukuu wake? Wewe mwenyewe ulisema limemkaa kama amemwagiwa. Nilimpima dukani kwangu, mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya lile doa. Kitambaa upande wa kushoto kilikuwa kinapanda. Nikakivuta, pini zangu mdomoni, na vidole vikapita chini ya kwapa vikagonga kitu kigumu kama kokwa. Nikarudia. Kilikuwepo. Chini ya gauni vidole vilihisi chuchu ya upande huo imeingia ndani, na ngozi imejikunja kama kitambaa kilichovutwa uzi. Nilipomtazama usoni, Mama aliniambia ni tezi tu, nishughulike na kazi yangu, tena kazi yenyewe hanilipi. Nikacheka naye.

Aliyenifundisha kukata nguo alikuwa na sheria moja: mwili wa mteja haujadiliwi. Ukipima kiuno kikubwa, andika namba, nyamaza. Bega moja likiwa chini, inua kitambaa, usiinue mdomo. Nimeishi kwa sheria hiyo miaka ishirini na sita, na imenipa wateja. Basi nikamfanyia Mama nilichomfanyia kila mtu. Nikakata kipande cha sponji, nikakishonea ndani ya bitana upande wa kushoto, matiti yakalingana. Mama akajitazama kwenye kioo akasema nina mkono. Nikafurahi! Hebu fikiria, nikafurahi.

Miezi mitano baadaye aliniletea gauni lile lile, akasema limeanza kumkaa vibaya. Nikaongeza sponji.

Sikuwa mjinga. Nilikwishayasikia mambo haya redioni mara ngapi. Niliogopa tu kwamba nikilitaja litakuwa kweli, na kwamba Mama atanikasirikia. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wanamsema mgonjwa. Hawamsemi fundi wake. Na wewe ulipomgeukia wifi, mimi nilipumua. Nimemwacha mtoto wa watu abebe zigo langu miezi mitatu, huku napokea chai mikononi mwake kila jioni.

Jumapili nilishindwa. Nilimkuta akimkunjia Mama nguo, nikamweleza yote. Hakushtuka. Alisema siku ile tulipoitwa kuchukua majibu, alipokuwa akimtafutia Mama nguo za kwendea hospitali, alilitoa gauni la zambarau, akaona limekuwa zito upande mmoja. Akaligeuza. Aliitambua mishono yangu. Kwa hiyo wakati unamtukana, alikuwa anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema, ilhali ndoa yake ilikuwa inaondoka. Alinijibu kwamba Mama anahitaji watoto wake wote, na kama lazima mmoja achukiwe, afadhali achukiwe wa kuja. Nimekuwa nikimwita wifi miaka kumi na moja bila kumjua.

Barua hii naipeleka posta kwanza. Nikitoka huko ndipo nimweleze kaka, nisije nikapata tena upenyo wa kunyamaza. Mama nitamwambia nikipata nguvu, ingawa nadhani sisi wawili tunajuana.

Dukani sheria ile nimeivunja. Nikigusa kitu nasema. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake akaenda kunitangaza mtaani kwamba nawapapasa watu. Mwingine alikwenda kupimwa, akakutwa na uvimbe usio na madhara. Nachukua matusi ya yule wa kwanza bila shida.

Nawe nenda kapimwe. Daktari amesema mabinti wa mgonjwa wasisubiri maumivu, maana uvimbe wa Mama haukuuma. Mimi nimekwenda, muuguzi alinishika mkono akanifundisha kujikagua mwenyewe, na safari hii hawakukuta kitu. Usiniambie una kazi nyingi.

Hasira zako zilete kwangu, zote, sitazikwepa. Nimechoka mno kujitetea. Ila kabla hujanipigia mimi, mpigie wifi. Usianze kwa kumpa pole. Mshukuru kwanza, kwa kuwa Mama yu hai kwa sababu ya yale machozi yake ya uongo.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwenye paji. Mama anasema uvae soksi, huko kwenu kuna baridi.

Ni mimi dada yako,
niliyejua.