Dubu wa Mdomoni Mwangu Amefika Serikalini

Mama mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ni mtu wa kuombwa, uliza bonde zima hapa Gura Plaiului, lakini safari hii maji yamezidi unga na mke wangu Veta ndiye aliyesema mwandikie yule mama wa gazetini, labda yeye utamsikiliza. Shule niliiacha darasa la saba, mwalimu mwenyewe alikiri hana cha kuniongezea, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake, iweke tu.

Kila mwezi wa kumi tunapeleka plamu zetu kwa Leontin, mwenye mtambo wa shaba wa kupikia pombe, na kwa kuwa mtambo ni mmoja na nyumba ni nyingi, kila mtu hungoja zamu yake, na huko kungoja bila hadithi hakuendi, na hadithi ni mimi. Hadithi yangu ni ya dubu. Mwaka juzi alikuwa na urefu wa mlango, mwaka jana wa paa, mwaka huu nikaona aibu kumpunguza, nikamfikisha kwenye kengele ya kanisa. Nikasema nimekutana naye kwenye kijia cha bustani ya Bibi Paraschiva, kasimama kwa miguu miwili, kaziba njia, kati yetu hatua tatu, nikamwambia, “Bwana mkubwa, mmoja wetu lazima arudi nyuma, na mimi nina haraka,” naye akashusha macho akanipisha. Watu wakacheka kama kila mwaka. Leontin akasema, “Si ndiye uliyemwazima kofia mwaka jana?” Nikamjibu, “Ndiye, na ameirudisha, inambana.”

Sasa pale alikuwepo Ilarie, aliyemwoa mpwa wangu mwezi wa sita, kijana wa kule pwani, dubu anamjua wa kwenye pakiti ya biskuti tu. Yeye hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya daktari, “Ilikuwa lini hii, mjomba?” Nikasema leo asubuhi. Kwa nini nilisema leo asubuhi, Mama, ni kwa sababu hadithi ya leo ina moto kuliko ya juzi, basi. “Pale juu, karibu na nyumba za watu?” Nikasema pale pale, mwanangu. Akainuka akaenda nyuma ya ghala, nikadhani ameenda kujisaidia, kumbe ameenda kupiga ile namba ya dharura.

Haikupita robo saa, simu zote kumi na nne zikapiga kwa mpigo ule mlio wa serikali, ule wa ng'ombe aliyebanwa na mlango, nikatoa yangu mfukoni nikasoma: “Dubu ameonekana Gura Plaiului, bustani za juu. Msikaribie. Ingieni ndani ya nyumba.”

Ninachokuambia sasa sijamwambia hata padri. Niliamini. Dubu nilimtunga mwenyewe, mate hayajakauka, lakini yale yalikuwa maandishi ya serikali, nikajiambia kumbe yupo kweli, na miguu haikungoja nimalize kufikiri, nikajikuta ndani ya pipa tupu la plamu nimejifunika kifuniko.

Mle ndani nilisikia mengi, mengine nikasimuliwa baadaye. Wenzangu watatu waliingia ghalani, wanne wakapanda gari kwenda kumtafuta huyo dubu wampige picha, tena wakapitia dukani kununua biskuti za kumpa. Leontin hakusogea mtamboni, nilimsikia akisema, “Dubu ataniua mara moja, hii pombe ikiungua mke wangu ataniua kila siku.” Bibi Paraschiva aliingiza mbuzi wake kwenye chumba cha wageni, kwenye zulia. Mwingine akalalamika kwamba umeme ukikatika siku tatu hakuna anayemwandikia, ila dubu akipita kila mtu anajua. Na mzee mmoja aliyekuwa nyumbani kwake, ambaye simu yake haikulia, alinuna wiki nzima, anasema serikali imemfuta.

Kicheko kingeishia hapo, Mama. Lakini alipanda Bwana Gherasim, mkuu wa walinzi wa wanyama wa msituni, akakagua bustani ya Bibi Paraschiva na akakuta nyayo za kweli, za mkubwa mmoja na wadogo wawili. Dubu jike na wanawe, kila mwaka hupita hapo kuokota plamu zilizoanguka, hajamgusa mtu wala kuku. Nyayo peke yake si kitu, Gherasim angemfukuza kwa fataki na mbwa. Ila sasa yupo shahidi aliyezibiwa njia hatua tatu, na shahidi ndiye mimi. Alhamisi natakiwa ofisini kwa diwani kutia sahihi, na nikitia sahihi anahesabiwa dubu wa hatari, na timu itapanda kumpiga risasi.

Na mimi, Mama, siku hizi nimekuwa mtu. Leontin amenipa zamu ya kwanza mtamboni. Bibi Paraschiva, ambaye kwa miaka kumi aliniita mdomo bila breki, ameniletea keki ya jozi na kuniita “ndugu yangu”. Kuna dada wa televisheni amepiga simu. Hata wale walionicheka pale kwa Leontin sasa wanasema waliniamini tangu mwanzo, nyayo si zipo.

Veta peke yake ndiye hajaleta keki. Aliniuliza, “Asubuhi hiyo ulitoka saa ngapi wewe? Mimi nilikuamsha saa nne.” Nikamwambia mke wangu, hayo ni mambo madogo. Akasema, “Miaka ishirini na minane nimekuvumilia ukiwaua dubu kwa mdomo. Huyu wa bunduki simo.” Tangu hapo anapika, anaweka mezani, anaenda kula kwa dada yake.

Na jambo la mwisho, sijui kwa nini nakuandikia. Huyo dubu namjua. Mwezi wa nne alipita nyuma ya jikoni kwangu na wanawe, yule mdogo akateleza akaingia mtaroni, mama yake akarudi, akamtoa, wakaenda. Hivyo tu. Sikumsimulia mtu.

Basi nishauri. Nilifikiri kusema kwamba alikuja kuniomba radhi na kuhamia jimbo jingine. Au niseme alikuwa dume, maana yule ni jike, halafu wamtafute dume hadi wachoke. Nikisema ukweli nimekwisha, nitakuwa yule mzee wa kwenye pipa mpaka nizikwe, na nasikia kuna faini. Je, hakuna njia ya dubu kupona na mimi pia nikapona?

Mimi mjomba wa wote,
Gura Plaiului

*

Mjomba,

Njia ipo, ila si ya dume wala ya kuhamia jimbo jingine. Mtu aliyefika hapo alipo kwa hadithi moja ananiomba nimchagulie ya pili. Sikuchagulii.

Nimecheka nilipofika kwenye pipa, sikatai. Sikucheka nilipofika kwa Ilarie. Umemwandika kama vile yeye ndiye aliyekosea. Kijana amehamia milimani, amesikia mjomba wa mke wake akisema dubu amesimama karibu na nyumba za watu, akapiga namba ile ile tunayoambiwa sote tuipige. Katika watu kumi na wanne waliokuwa pale, ni yeye tu aliyefanya jambo la maana. Wengine mlicheka, mkajificha, mkanunua biskuti. Utamwomba radhi, tena mbele ya mpwa wako, na usiweke utani ndani yake.

Unaniambia jina lako litaharibika. Jina gani, mjomba? Bonde zima linajua kwamba wewe ni mwongo, na limekupenda hivyo hivyo kwa miaka. Hawajawahi kukuamini, ndiyo maana ulikuwa huna madhara. Hiyo heshima uliyoipata wiki hii ndiyo mpya, na unaweza kuirudisha kabla haijakuzoea.

Sasa nisikilize kuhusu huyo dubu wa mwezi wa nne. Barua yako ina dubu wengi, lakini huyo ndiye pekee ambaye hukumpima urefu, hukumsemesha, wala hukujiweka katikati. Nilipofika hapo nilijua kwamba jibu unalo tayari, unataka tu mtu mwingine akusukume. Haya, nakusukuma.

Usingoje Alhamisi. Ukingoja Alhamisi utakuta diwani, dada wa televisheni na keki nyingine, na najua utakavyofanya ukiona watu wamekaa wanangoja. Nenda kesho asubuhi nyumbani kwa Gherasim, pamoja na Veta, na yeye asimame mlangoni ili usitoke mapema. Useme: “Sikukutana na dubu. Asubuhi ile nilikuwa nimelala. Nyayo ni za jike anayepita kila mwaka.” Ni hayo tu. Ukisikia ulimi unatafuta la nne, kunywa maji. Akikuandikia hayo, soma mpaka chini, kisha tia sahihi. Faini ikija, lipa, na usimnung'unikie mtu.

Ukitoka hapo chukua reki na ndoo, mwite Leontin na wale wote waliocheka nawe, mkaokote plamu zote zilizoanguka kwa Bibi Paraschiva. Dubu haji kwenu kukupisha njia, anakuja kula. Asipokuta kitu atazunguka huko juu msituni na wanawe, na Gherasim hatakuwa na sababu ya kupanda na bunduki. Bibi Paraschiva atakuita mdomo bila breki tena. Itikia.

Veta atarudi mezani. Sijui siku gani, hilo ni lake.

Lakini kuna jambo moja siwezi kukufutia. Ile simu italia tena, kwa dubu au kwa mafuriko au kwa moto, na safari hiyo wapo watakaoiweka mfukoni kwa sababu yako. Watu wote pale kwa Leontin watageuka wakutazame wewe, wanangoja ucheke. Usicheke. Wewe peke yako ndiye watakayemwamini, maana wewe ndiye unayejua kama umeitunga, kwa hiyo simama mahali wanapokuona, sema “Hii si yangu,” kisha uwe wa kwanza kuingia ndani.

Mshauri wako,
Mama Eufrosina