Gari Lisilo na Neno

Makambako, Njombe
16 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Tabea,

Shikamoo. Kamwene. Nimeianza barua hii mara kadhaa na kila mara nimekwama hapa kwenye salamu, kwa sababu kabla sijakuuliza hali, sauti ya mlango ule inanitangulia. Ni mlango wa gari, ule wa ubavuni unaoteleza, ukifungwa. Mkwaruzo mrefu, kisha mgoto mmoja mzito. Nausikia nikiwa naandika ubaoni. Nausikia kanisani wakati wa kuungama, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa. Nitakueleza, lakini kwanza nikujulie hali kama mtu aliyelelewa vizuri.

U mzima? Goti linakuruhusu kwenda sokoni? Justine amepona malaria yake? Na Noela, bado anasoma huku amelala kifudifudi? Huko Musoma sidhani kama mnaijua Juni. Hapa ukungu unashuka asubuhi mpaka madirishani, na mama anapika akiwa na koti la baba. Wote ni wazima. Nalirudia kwa makusudi: wote ni wazima, Yusto pia.

Binamu Aneth amenisimulia ulivyokuwa umeshafika stendi na begi lako ulipopigiwa simu ya pili kwamba mdogo wangu Yusto hajafa. Alisema ulikaa chini palepale, watu wakakuletea maji. Pole sana, shangazi. Nimeona ni haki yako kuipata habari yote kwa mtu aliyekuwepo, tena kwenye karatasi, maana kwenye simu baba hukaa karibu nami, na mimi huishia kusema hakuna shida.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwishoni mwa Mei. Yusto alikuwa uani anashona magunia ya viazi. Gari jeupe lenye vioo vyeusi likasimama getini. Wakashuka wanaume wawili waliovaa kiraia, wakamwita kwa jina lake, wakasema wao ni askari na wana maswali naye. Mmoja alitoa kitambulisho akakirudisha mfukoni kabla hujajua kina rangi gani. Mdogo wangu akaniangalia, akapanda. Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu cha kumenyea viazi, na nakumbuka nilikificha nyuma yangu kama mtu mwenye hatia.

Wangeondoka dakika ileile, ila Fuso la jirani lililokuwa likipakia viazi lilikuwa limeziba njia na dereva wake amekwenda kunywa chai. Baba alipita upenyo wa uzio akakimbilia kanisani, kwenye ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mkaratusi. Ndiyo kengele yetu mpaka leo. Wewe unajua zinavyopigwa: ya hatari hupigwa harakaharaka bila kupumzika, ya msiba hupigwa pigo moja, kimya, kisha pigo jingine. Baba amepiga kengele ile tangu mimi niko shule ya msingi, na miaka hii ya karibuni tumezika sana. Alitaka kupiga ya hatari. Mkono wake ukapiga ya msiba.

Basi watu hawakuja na mawe wala fimbo. Walimwona baba akirudi mbio kwetu, wakaja kuomboleza. Kina mama walifika wamejifunga vitenge, wengine na mizigo ya kuni kichwani, wengine na unga kwenye sahani zilizofunikwa. Wanaume walikuja na majembe na sepetu, maana walijua kuna kaburi la kuchimba. Hebu fikiria walivyoonekana kwa waliokuwa ndani ya gari lile: wanaume wanatokea kwenye ukungu kila upande na sepetu begani, hakuna anayepiga kelele. Kioo cha mbele kilikuwa wazi kidogo. Nilimwona aliyekaa karibu na dereva akiingiza mkono ndani ya koti lake na kuuacha humo. Sijui alikuwa ameshika nini, shangazi, na sitaki kujua.

Mama Telesia, jirani yetu wa mashine ya kusaga, ndiye aliyetuokoa bila kujua. Alitua mzigo wake wa kuni mbele ya matairi yao, akagonga kioo.

"Sogezeni gari, baba zangu. Hapa msibani."

"Msiba wa nani?" yule wa mbele akauliza.

"Hata sisi ndiyo tunauliza. Nyie mmetokea upande gani wa ukoo?"

Kioo kikashuka zaidi, na Mama Telesia akamwona Yusto kiti cha nyuma, mzima, amekaa katikati ya watu wawili. Akaanza kulia wakati hapo kabla alikuwa halii. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Odilo, akafika, akaomba vitambulisho, akavisoma polepole na miwani yake, akasema ni askari kweli. Watu wakapisha, dereva wa Fuso akalisogeza. Askari wakaondoka naye.

Nisiwasingizie. Hawakumgusa. Walikuwa wanafuatilia lori lililoibiwa mbolea, na Yusto alikuwa mmoja wa vibarua waliowahi kulipakua. Walimuuliza alichokiona, kesho yake mchana wakamrudisha mpaka barabara kuu. Lakini usiku wote huo hapakuwa na mtu aliyejua yuko kituo kipi, kwa sababu katika mshangao hata Mzee Odilo alisahau kuuliza. Waliosikia kengele wakawapigia simu ndugu Kidugala, wa Kidugala wakapiga Lugarawa: kengele ya msiba imelia kwa Nathanieli, na Yusto ndiye asiyeonekana nyumbani. Watu wakajumlisha wenyewe. Ndivyo habari ilivyokufikia.

Tangu hapo mji una mjadala mmoja tu: je, magari ya polisi yaandikwe neno Polisi au yasiandikwe? Saluni, sokoni, chumba cha walimu. Mkutano wa mtaa ulifanyika kwenye uwanja wa shule, na sijawahi kuona watu wengi kiasi kile hata wakati wa kampeni. Remmy wa duka la pembejeo alisimama wa kwanza. Alisema mizigo yake imeshushwa na wezi kwenye malori mara nyingi mno. "Mkiandika Polisi ubavuni, mwizi atasoma kabla yenu. Ninyi mnataka askari wakamate wezi, au wawasalimie?"

Mama Telesia hakusubiri kupewa nafasi. "Gari la mkate lina jina. Gari la kubeba maiti lina msalaba. Hilo linalobeba watoto wetu wazima ndilo lisiwe na kitu? Sisi tunaomba jina tu, Remmy. Mbolea yako hatujaigusa."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Kisha Yosefu fundi baiskeli akapaza sauti kutoka nyuma: "Na Mzee Nathanieli atuambie, siku nyingine akigonga rimu tuje na sepetu au tuje na ugali?" Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Baba alitabasamu kwa adabu, akaangalia viatu vyake mpaka mkutano ulipokwisha. Jumapili iliyofuata alimwomba mzee mwenzake ampigie kengele. Hajaigusa tena. Mimi namtetea mbele ya kila mtu. Nawaambia mkono wake ulikosea kwa namna iliyowaokoa watu wote, maana kengele ya hatari ingewaleta na mawe, na yule wa mbele angeutoa mkono kwenye koti. Baba hataki kutetewa. Anasema, "Eveline, yaache." Wote nyumbani wananiambia yaache.

Diwani wetu, Mama Oktavia, alitueleza kwa uaminifu kwamba mji hauna mamlaka ya kupaka rangi gari la serikali, unaweza tu kupeleka ombi. Ila alisema ombi lisilo na mtu nyuma yake huwa halisomwi. Akataka wakazi walioona kwa macho yao waje kwenye kikao cha mji, Ijumaa, waseme mbele ya madiwani na maafisa wa polisi. Wengi waligeuka kututazama sisi.

Sasa hapa ndipo penye uzito, na hili Aneth hakukuambia kwa sababu halijui. Yusto ameomba kujiunga na polisi. Aliomba tangu Februari, kimya kimya, na ameitwa kwenye usaili Njombe mjini, Jumatano hii. Ni kazi aliyoitaka tangu akiwa mdogo, unakumbuka alivyokuwa akisimamisha mbuzi wa bibi barabarani na kuwadai leseni. Baba mkubwa Yoramu alikuja kutoka Kidugala, tukakaa kikao cha ukoo sebuleni. Kiliamua haraka: asisimame mtu wa nyumba hii. Jina letu likisikika Ijumaa, Jumatano litakumbukwa. Mama alisema ana mtoto mmoja wa kiume na amekwisha kupelekewa kuni za msiba wake mara moja.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijiuliza kama ninachotaka ni magari yaandikwe, au ni mimi Eveline nisikike, mwalimu mwenye shahada anayefundisha haki za raia kwenye ubao wenye nyufa. Nilijichunguza sana na sikupata jibu safi. Nadhani vyote viwili vilikuwemo. Nilitembea mpaka reli na kurudi, nikasahihisha madaftari nikakuta nimeweka alama ya kosa kwenye jibu sahihi.

Siku moja kabla ya kikao nilimfuata Yusto bandani, akiwa anachagua mbegu za viazi. Nilimwambia nataka kusema.

"Dada, wewe kazi umeshapata. Niache na mimi nipate yangu."

"Sitakutaja."

"Hawana haja ya kutajiwa. Makambako nzima ilileta kuni." Akatupa kiazi kibovu. "Halafu nikiwa askari, hilohilo ndilo nitakaloendesha. Remmy ana haki. Huwezi kumfuata mwizi na kipaza sauti."

Nikamuuliza kitu ambacho hapana aliyekuwa amemuuliza, hata mama. Nilimuuliza kama akiwa ndani ya gari alijua wale ni polisi.

Aliendelea kuchagua. "Walisema," alijibu. "Lakini na wasio polisi si wangesema hivyohivyo? Nilijua tulipoingia geti la kituo na kuona bendera."

"Njia nzima?"

"Njia nzima. Kule mbele trafiki alitusimamisha. Nikasema moyoni, huyu ataniuliza jina. Dereva akamwonyesha kitu, akatupungia mkono tupite. Hapo ndipo niliogopa zaidi." Kisha akaniangalia kwa ukali. "Hayo usiyaseme. Hayo ni yangu."

Nilimwahidi. Kwako nimeyaandika kwa sababu wewe ulimlilia stendi, na ninaamini hayatatoka kwako.

Kabla sijamaliza, nisalimie watoto wote hapo nyumbani. Mwambie Justine anywe dawa mpaka ziishe, asiache akijisikia nafuu. Noela nimemtengea kitabu, nitakituma shule zikifungwa. Wasalimie na wale majirani waliokusindikiza stendi siku ile, waambie familia ya Nathanieli inashukuru. Mama anakusalimu sana na anasema viazi vya mwaka huu ni vitamu. Baba anakusalimu, ingawa ukimpigia hatasema mengi. Mpigie hata hivyo, muulize habari za zamani, za mlipokuwa wadogo.

Nimeliacha la mwisho mwisho kwa sababu sikuandikii kuomba ushauri. Ijumaa nilikwenda. Nilivaa gauni la bluu la mahafali, nikaomba ruhusa shuleni, nikakaa kiti cha nyuma mpaka Mama Oktavia alipouliza kama yupo mkazi anayetaka kusema. Nilitaja jina langu na la baba, na mtaa wetu. Sikumtaja Yusto kwa jina. Nilisema nilichokiona kwa macho yangu na hakuna zaidi: kwamba wakati gari lile limezuiliwa na Fuso nililizunguka lote, mimi niliyesoma mpaka chuo kikuu, nikitafuta neno moja tu la kusoma ili nijue nimwombee mdogo wangu nini, na sikulipata. Afisa mmoja aliandika kitu. Remmy alisema tena habari za mbolea, kwa heshima safari hii. Ombi lilipitishwa liende juu. Kama litafika sijui, na kama likifika litasomwa na nani sijui.

Jioni nilimwambia Yusto mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anapiga pasi shati la usaili. Alilimaliza, akalitundika, akaanza kupiga pasi la pili ambalo halikuwa na haja ya pasi. Hatujazungumza mpaka leo. Jumatano nitamchemshia chai mapema, akiinywa sawa, asipoinywa nitaelewa. Mwombee apate, shangazi. Mimi usiniombee nijute, nimejaribu na siwezi.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mtulivu na simu zenye habari njema.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa mbali,
Eveline