Ng'ombe Waliofia Getini

Mjukuu wangu Naserian,

Supa. Babu yako anakusalimu, ingawa magoti yanamsumbua. Hapa Kisaju mvua imenyesha hatimaye.

Umeniuliza kama ni vibaya kuwakasirikia wenzako huko godauni, kwa kuwa watu wa geti lako, wa uwanja na wa rampu ya kupakulia wamekataa kuandika magari kwenye kitabu kimoja, hata baada ya barua yako kali. Kasirika. Mimi nina hasira hiyo tangu miaka ya tisini.

Nilikuwa karani wa geti kwenye kichinjio kimoja Kitengela. Wakati wa ukame, Mzee Parsaloi alifika asubuhi na lori la ng'ombe. Nikaliandika kwenye kitabu changu, nikangoja filimbi ya msimamizi wa uwanja, ishara kwamba rampu iko wazi. Kufika saa saba, ng'ombe wawili walikuwa wameanguka, wenzao wakiwakanyaga.

"Mama, si ufungue!"

"Sijapigiwa filimbi, mzee."

Mwishowe nilienda nyuma ya jengo. Rampu ilikuwa tupu. Wapakuzi walikuwa wakicheza drafti, msimamizi akiwatazama.

"Karani, leo hakuna gari?" akaniuliza akicheka. "Tunakungoja tangu asubuhi!"

Nilirudi mbio nikafungua geti bila filimbi ya mtu. Wale wawili walikuwa wamekufa. Mzee hakunitukana. Aliipima njia kwa macho, kutoka geti hadi rampu, akasema, "Kumbe ni hapo tu."

Kwa hivyo kesho usiwaandikie wenzako barua nyingine kali. Toka getini, uende kwao kwa miguu, na hasira yako yote.

Ni mimi koko, bibi yako, ninayekuombea.