Nyayo za Ijumaa

Mhezi,
Jumatatu, wiki ya tatu ya Majilio

Kwa kaka yangu Idrisa,

Shikamoo. Najua utalitazama jina hilo mara mbili, maana tangu uliposilimu, miaka kumi na moja sasa, sijawahi kulitamka. Nilishikilia lile la ubatizo tu, Zebedayo. Leo nakuita unavyoitwa kwako. Natumaini mu wazima huko chini tambarare, Kileo, wewe na wifi Mwanaidi na watoto. Nimesikia kwa watu kuwa mmepata binti, Mungu amkuze. Mimi mwili ni mzima. Maharage yametoa maua, na ukungu wa huku unaujua, unaingia hadi jikoni bila kubisha hodi.

Hatujasemezana tangu maziko ya baba mwezi wa kwanza. Yaliyotokea baada ya hapo huenda umeyapata sokoni yakiwa yameongezwa chumvi. Nataka uyapate kwangu.

Siku ile ulikuja na Sheikh Rashidi na wanaume sita, mkazuiwa kwenye kona ya mikaratusi. Wazee wa usharika walikuwa wameambiwa kuwa baba alisilimu ile miezi aliyokaa kwako akitibiwa kabla hajarudi kwangu, na kwamba mmekuja kuchukua mwili. Ukawaambia hukuja kuchukua kitu. Unaomba tu kumtia baba yako udongo na kumwombea dua. Mchungaji Loth hakupenda ugomvi. Alinigeukia mimi niliyemuuguza, akaniuliza mbele ya wote kama marehemu aliacha neno lolote.

Nikasema, "Hakuacha neno."

Mkateremka. Sisi tukaimba, tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Ijumaa ya pili baada ya hapo nilitoka asubuhi kwenda mferejini, nikakuta nyayo uani. Mvua haikuwa imenyesha, ardhi ilikuwa vumbi tupu, lakini nyayo zilikuwa za matope mekundu, mabichi. Zilianzia kaburini, zikapita mlangoni kwetu, zikaenda hadi kona ya mikaratusi. Hapo zikakoma. Hapakuwa na za kurudi. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vinne. Unajua kidole kidogo cha baba kilikatwa na jembe kabla hatujazaliwa, na miguu ile nimeiosha miaka mitatu. Nilichukua ufagio nikazifuta zote kabla watu hawajaamka.

Ijumaa iliyofuata zikarudi, na nyingine tena, mpaka jirani yetu Honorata akaziona, na akiziona Honorata kijiji kizima kimeziona. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki ile ile, kila mtu yuko kwenye mfungo na maombi, na ndimi zikawa kali. Honorata alileta maji ya baraka kutoka parokiani akanyunyizia kaburi. Mwinjilisti wetu akakasirika, akasema kaburi la Mlutheri halihitaji maji ya Wakatoliki. Akina mama waliokuwa wakiosha sufuria pamoja kwenye kila msiba wakaacha kusalimiana. Siku ya Idi yakapanda maneno kutoka kwenu tambarare kwamba baba, mzee Melkizedeki, ni Mwislamu na anatafuta njia ya kutoka. Wazee wa ukoo nao wakasema ni mbuzi anatakiwa, apelekwe kule mpungini, kwenye msitu wa matambiko. Kwa neno hilo wawili wao wakatengwa na kanisa. Jumapili ya Pasaka mchungaji alihubiri juu ya kaburi lililo wazi, na nusu ya washarika hawakumtazama yeye. Walitazama dirishani, kwenye migomba yetu.

Mwezi wa saba akaja mhubiri mmoja kutoka Mbeya, anaitwa Lugano, na turubai na vipaza sauti. Akatangaza kwamba lile ni pepo, na kaburi lifunikwe kwa zege. Hiyo ndiyo siku pekee mwaka huu Walutheri, Wakatoliki na walokole walipofanya kazi pamoja. Vijana walipandisha mchanga wakiimba. Mimi nilikubali. Niliwapikia hata makande.

Ijumaa iliyofuata niliamka na moyo mwepesi. Zege lilikuwa safi, halina alama. Nikarudi ndani kufagia, na nilipofungua chumba cha baba nikaziona. Zilianzia kitandani kwake, zikavuka sakafu niliyoipiga deki jana yake, zikapita chini ya mlango ambao komeo lake nilikuwa nimelifungua kwa mkono wangu dakika chache kabla. Niliinama nikaweka kiganja juu ya unyayo mmoja. Matope yalikuwa ya vuguvugu.

Sikumwambia mtu. Kila Ijumaa nilipiga deki nikanyamaza. Mwezi uliopita, Ijumaa ya kwanza, nilifumbua macho kukiwa kumekucha, nikashusha mguu nisithubutu kukanyaga chini. Nyayo zilikuwa mbili tu, sambamba, kando ya kitanda changu. Vidole vilinielekea mimi.

Kaka, baba aliacha neno.

Alasiri moja kabla hajafa akili ilimrudia sawasawa. Alinishika mkono akasema, "Mwite Idrisa. Yeye ndiye aanze kunitia udongo, aniombee kwa namna yake. Wasimzuie." Alikutaja hivyo, Idrisa. Na hakuwa amesilimu. Saa ile ile aliniomba nimsomee zaburi, tukaimaliza pamoja.

Usidhani nilifanya kwa ajili ya dini. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa na heshima kidogo. Miaka mitatu nilimgeuza kitandani, nikamlisha kwa kijiko, nikaacha mchumba akaoa kwingine. Na nguvu yake ya mwisho akaitumia kukutaja wewe. Mimi hakuniambia hata asante. Nikataka angalau kifo chake kiwe changu peke yangu.

Jumapili ya wiki iliyopita nilisimama kanisani nikayasema haya yote. Mchungaji Loth akasema na yeye ana la kutubu, kwa kuwa aliniuliza akijua jibu analolitaka. Nimetengwa na meza ya Bwana hadi Pasaka, na nimestahili. Wazee wamekubali uje na Sheikh Rashidi. Zege litavunjwa juu utie udongo. Honorata amesema akina mama wa parokia watapika. Si wote waliofurahi. Familia mbili zimehamia kwa Lugano, na mwinjilisti hanisalimu.

Ijumaa iliyopita nyayo hazikuwapo. Nilitazama chumbani, uani, njiani, hakuna. Honorata akamshukuru Mungu, akasema yamekwisha. Mimi nilishuka peke yangu hadi kwenye mikaratusi, kisha nikaipita kona, mahali ambapo hazikuwahi kupita. Hatua chache chini, juu ya jiwe la kando ya barabara, ulikuwapo unyayo mmoja wa vidole vinne. Ulielekea kwenu.

Kwa hiyo njoo upesi ukiweza. Lakini kama asubuhi moja utakuta matope mekundu kizingitini, usiogope, na wifi asiyafute. Mwambieni karibu. Ametembea mwaka mzima kukufuata, na miguu ile ilikuwa ikimuuma hata alipokuwa hai.

Nibusie watoto, hasa huyo mdogo nisiyemjua jina. Wifi mwambie namwomba radhi yeye pia, kwa mumewe kurudishwa barabarani kama mgeni asiyealikwa. Msamaha wako sitauharakisha. Utakapokuwa tayari, nipo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekunyima baba,

Elinaza