Nimepiga Kura Makala Yako Ifutwe

Akinyi, rafiki yangu,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kwanza. Pikipiki yako iko salama. Kaka yako Ouma ameifunika turubai pale kwenye kibanda chake cha ufundi Soweto West, huko Kibera, na haruhusu mtu aiguse. Kuna jamaa alikuja kuuliza kama inauzwa, akafukuzwa kwa spana. Mama yako bado yuko Kianda, kwenye chumba kile kile, na bado anapika chai ya watu wengi kuliko waliopo. Mimi niko hapa Riruta Satellite kwenye saiba yangu, kile kiduka cha kompyuta na intaneti, nachapia watu barua za kuomba kazi. Kiti chako cha plastiki kiko pale pale kando ya printa. Nilikiwekea maboksi ya karatasi juu ili wateja wasikikalie.

Sasa habari yenyewe, na sijui niiseme vipi. Wiki iliyopita nilipiga kura makala yako ifutwe.

Ndiyo, ulikuwa na makala. Najua umeshakunja uso. Ngoja nikueleze taratibu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja kuchapisha namba ya kubandika mgongoni, ya mbio za pikipiki za Jumapili, ukanikuta nasoma ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kawaida bila malipo. Ukaniuliza mbona ya Kiswahili ina makala ya kila kijiji cha Ulaya lakini haina hata sentensi moja kuhusu mbio za huku kwetu. Nikakujibu ni kwa sababu hujaiandika. Mimi nilikuwa natania tu. Wewe ukavuta kiti ukakaa, na hukuondoka mpaka umejisajili. Ukajiita KonaKali, na kule ndani hakuna aliyewahi kujua jina lako lingine.

Nilidhani utatuandikia kila mtu aliyewahi kushika usukani Nairobi. Ukanishangaza. Uliposoma kanuni za nani anastahili makala na nani hastahili, ukawa mkali kuliko waliozitunga. Neno lao tu ndilo lililokukera. Walisema mtu anatakiwa awe na umaarufu, nawe ukasema hapana, umaarufu ni kujulikana, na pale steji ya matatu ya Olympic kila mtu anajulikana, hata yule mwizi wa vioo vya pikipiki. Ukataka waseme kutajika. Mtu ametajika ikiwa mtu mwingine, asiye ndugu yake wala rafiki yake, amekaa chini akaandika habari zake mahali tunapoweza kusoma. Mlibishana siku kadhaa, ukashindwa, lakini hapa saibani tuliendelea kusema kutajika. Na kila nilipokuletea jina la mtu, ulikuwa na swali lako moja: "Nani mwingine amesema?"

Ulimfuta yule dereva wa matatu aliyejiita dereva wa mbio kwa sababu hupita wenzake kwenye barabara ya lami. Ulimfuta mwenyekiti wa boda boda aliyejiandikia maisha yake yote, na ukaendelea kumsalimia kila asubuhi kama kawaida. Ule uwanja wa vumbi mnakoshindania, ulioupenda wewe kuliko kanisa, uliuandikia makala nzuri sana, halafu ukaitoa mwenyewe kwa sababu hakuna gazeti lililowahi kuutaja. Nilikasirika siku hiyo, nikakuambia unajidhulumu. Ukasema hiyo ilikuwa stori ya steji tu, ingawa ni ya kweli.

Na yule mama aliyekuwa akisoma ramani kwenye magari ya mbio zamani, wakati wanaume walikuwa wanacheka, huyo ulimpigania. Wengine walitaka afutwe. Ukaenda maktaba, ukapekua magazeti makuukuu hadi ukapiga chafya wiki nzima, ukarudi na vyanzo ambavyo hakuna aliyeweza kuvikataa. Makala yake ipo hadi leo. Niliisoma jana nikalia mbele ya mteja, ikabidi nisingizie vumbi.

Kitu kinachonirudia zaidi ni ile siku ya kijitabu cha mazishi. Familia moja ya hapa jirani, Kawangware, ilikuwa imemwandikia baba yao, fundi wa magari ya mbio, na chanzo walichoweka kilikuwa kile kijitabu kinachogawiwa watu wakati wa ibada, chenye picha, ratiba na wasifu wa marehemu. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema, "Mutua, kijitabu ya mazishi si chanzo. Huku ndani hakuna mtu amewahi kulewa, hakuna mtu amewahi kupiga bibi." Ukaipendekeza ifutwe, kisha ukaiandikia ile familia maneno ya heshima sana. Halafu ukasema, "Lakini inauma, si ndio? Hao ndio walikuwa wanamjua."

Niliendelea kubadilisha wino wa printa.

Halafu ile homa ya mapafu, Akinyi. Uliingia hospitali kwa miguu yako, ukiwa umebeba helmeti kwa kuwa hukutaka ibiwe kwenye pikipiki. Nilikuletea chaja ya simu. Ulikuwa unataka kuangalia kama kuna mtu ameharibu makala ya yule mama wa ramani. Ile chaja walinirudishia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na nguo zako, na helmeti wakampa Ouma, aliyeibeba kifuani mpaka Kianda kwa miguu, akikataa lifti ya kila mtu.

Kijitabu chako nilikichapisha mimi. Nani mwingine? Mama yako alikaa kwenye kiti chako akinisomea wasifu, nami nikachapa. Alipofika kwenye mbio akasema niandike kwamba ulikuwa bingwa wa taifa. Nilijua hujawahi kushinda hata mara moja. Ulikuwa wa pili, wa tatu, na siku ile ya matope ulimaliza ukiisukuma pikipiki, ukicheka. Nilimtazama mama yako, akanitazama. Nikaandika bingwa. Tulikwenda nacho nyumbani kwenu upande wa ziwani, mchungaji akakisoma kwa sauti kubwa, na waendesha pikipiki wote waliotoka Kibera kukusindikiza wakapiga honi.

Tulipokurudisha udongoni na sisi tukarudi Nairobi, Ouma alinunua bando la intaneti akajisajili kwenye kamusi elezo. Yule kaka yako ambaye hata ujumbe wa simu huandika kwa herufi kubwa zote. Hakuniambia. Alikuandikia makala. Alitaja kona ya tatu ya ule uwanja wa vumbi, ile ambayo vijana sasa wanaiita Kona ya Akinyi. Alitaja jinsi ulivyokuwa unaegemea mpaka goti linakwaruza chini. Aliandika "Akinyi ni mwendesha pikipiki wa Kenya". Aliandika "ni". Na chini kabisa, palipotakiwa chanzo, akaweka: kijitabu cha mazishi, ukurasa wa tatu.

Nilifunga kompyuta, nikatoka nje nikasimama kando ya muuza mahindi, na sikununua mahindi.

Nilikaa siku kadhaa bila kufanya lolote. Nilitumaini hakuna atakayeiona. Lakini kuna yule mhariri wa pwani, yule mpole mliyeheshimiana naye, anayefungua kila ujumbe kwa salamu ndefu. Aliiona. Alibadilisha lile "ni" akaweka "alikuwa", kwa sababu ndivyo kazi ilivyo. Kisha akaiweka kwenye ukurasa wa makala za kujadiliwa kufutwa, na akaandika hivi: "Ningependa kusikia kwanza maoni ya ndugu KonaKali, kwani ndiye mjuzi wetu wa michezo ya magari na pikipiki. Tutamsubiri."

Akinyi. Walikuwa wanakusubiri wewe.

Wewe ndiye uliyeitwa kuamua kama wewe unastahili. Na yule bwana wa watu hakujua. Siku iliyofuata akaongeza kwamba labda ndugu KonaKali amesafiri. Mwingine akasema basi tumpe muda. Nilitaka kukupigia simu nikucheke, nilishaitoa simu mfukoni kabisa, ndipo nikakumbuka.

Nilijua nikinyamaza, makala ingebaki. Kura ilikuwa moja tu ya kufuta, na wangeendelea kukusubiri mpaka wasahau. Sauti moja ya ndani yangu kabisa iliniambia ninyamaze. Nilimfuata Ouma kule kibandani nikamweleza kabla sijafanya kitu, maana sikutaka agundue mwenyewe. Nilimweleza kanuni, nikamweleza jinsi ulivyomfuta mwenyekiti, jinsi ulivyoutoa uwanja wako mwenyewe. Alinisikiliza huku anapangusa mnyororo ambao ulikuwa umeshatakata. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo wewe ndio unataka kumzika mara ya pili."

Nilirudi kwa miguu mpaka Riruta. Njiani nilikuchukia kidogo, nikuambie ukweli. Nilichukia ule ukali wako. Gazeti huja magari ya wenye nazo yakikimbia, lakini nyinyi mkikimbia hakuna mwandishi anayechafua viatu. Kanuni haina ubaya, ulikuwa unasema, ila imekuta watu hawajaandikwa. Ulikuwa unasema siku moja watakuja. Hawakuja, na wewe hukungoja.

Asubuhi niliwahi kufungua saiba kabla ya wateja. Nilitoa maboksi kwenye kiti chako. Niliandika: "KonaKali hatajibu. Amefariki. Makala hii inamhusu yeye mwenyewe." Nilipumzika kidogo, kisha nikaweka kura yangu. Futa. Wanataka uandike sababu, unajua. Nilikaa na ile sababu muda mrefu. Mwishowe niliandika: "Hana chanzo huru. Wote tunaomtaja tulimpenda. Kijitabu cha mazishi nilikiandika mimi."

Kisha yule wa pwani akaandika pole ndefu, na wengine wakaanza kuja, watu ambao hatujawahi kuwaona sura. Mmoja alisema ulimfundisha kuweka chanzo alipokuwa mgeni, ukamkaripia kidogo. Mwingine alisema alidhani wewe ni mzee mwanamume, profesa fulani hivi. Ungelicheka hilo. Wote walilia kwa namna yao, na wote wakapiga kura ya kufuta. Hakuna aliyekuonea huruma kwenye kura, Akinyi. Ulitufundisha vizuri mno.

Ouma hakuniongelesha baada ya hapo. Juzi akaja mwenyewe, amevaa ovaroli, akasimama mlangoni kama mteja. Hakusalimia. Akauliza kama kuna kitu chochote chako kimebaki kule ndani. Nikamkalisha kwenye kiti chako nikamfungulia makala ya yule mama wa ramani, nikambonyezea palipoandikwa historia. Alikuwa hajui kwamba kila makala huhifadhi jina la kila aliyeigusa. Akakuona umejipanga kuanzia juu mpaka chini, KonaKali, KonaKali, na kando yako maneno yako mafupi: nimeondoa sifa, nimeweka chanzo, hii nani amesema. Akayasoma yote kwa sauti ya chini, moja moja. Nikamfungulia makala nyingine, na nyingine. Alipofika pale ulipoandika "jamani tulieni, ni koma tu", alicheka, halafu akaweka kichwa kwenye kibodi na herufi zikajaa skrini. Sikumgusa. Nami nilikuwa nalia.

Kabla hajaenda akaniuliza kama kuna mahali umeandika habari zako mwenyewe. Nikasema kuna ukurasa wako wa mtumiaji, ule wa kujitambulisha. Tukaufungua pamoja. Una mistari miwili tu: "Mimi ni mwendesha pikipiki kutoka Kianda. Nauliza maswali mengi." Ouma akaangalia sana pale. Akauliza kama huo nao watakuja kuubadilisha. Nikamwambia hapana, kwa desturi ya kule ukurasa wa mtumiaji ni wake mwenyewe, na mtu mwingine haugusi.

Akasema, "Basi hapo bado ni."

Ndiyo, rafiki yangu. Hapo bado wewe ni.

Sasa lala. Jumapili ijayo kuna mbio, na nimeshamsumbua mwandishi mmoja wa gazeti hadi amekubali kuja, mtu ambaye hakujui, hajawahi kukuona, hana sababu yoyote ya kukusifu. Sitamwambia jina lako. Nitamsimamisha tu kwenye kona ya tatu, nimwache awaulize vijana panaitwaje. Asipoandika, nitamtafuta mwingine. Nakuahidi nitaendelea kuuliza swali lako mpaka siku atakapotokea mtu wa kulijibu, na ule ukurasa wako nitaulinda nikiwa hai. Mtu akija kuweka "alikuwa", nitamrudisha alikotoka.

Kiti nimekipangusa.

Mutua wako,
Riruta Satellite