Sauti za Mama kwenye Seva ya Zamani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua. Tumbo langu linazidi kunitangulia mlangoni, na wifi yako anasema ndicho cheo pekee nilichopanda mwaka huu.

Umeniuliza mara tatu kwa nini sikutumii zile sauti Mama alizokurekodia alipokuwa mgonjwa, na mara tatu nimekujibu kwamba mtandao mzito. Sasa acha nikueleze.

Simu yangu ilipojaa, nilizihamishia kwenye seva ya pale chuoni ninapofundisha, mahali salama kuliko pote ninapopajua, nikazifuta kwenye simu. Seva hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta za maabara. Kompyuta zenyewe hazina mfumo wa kuziendesha ndani. Ukiziwasha zinauliza kwenye waya wa mtandao nani atazipa, na seva inajibu. Mwaka huu mkuu wa chuo akanunua seva ya pili, pamoja na kompyuta mpya. Nikajigamba kwamba kuzipanga zifanye kazi pamoja ni suala la asubuhi moja. Mama mmoja mwenye ulimi mkali, tunayekaa naye ofisi moja, akauliza asubuhi ya mwaka gani.

Wiki mbili zikapita. Seva mpya niliipa amri kwamba mashine yoyote ikiuliza, na mtu asipochagua kitu ndani ya sekunde kumi, ifutwe diski yote na kuwekewa mfumo mpya. Ilikuwa kwa ajili ya zile kompyuta mpya, nisihangaike na moja moja. Uvivu wangu unaujua tangu utoto.

Siku ya mwisho nikaizima seva ya zamani na kuiwasha tena. Nilikuwa nimeipanga nayo iulize kwenye waya kwanza kabla ya kusoma diski yake, kwa majaribio tu, nikasahau kuirudisha. Ikauliza. Ile mpya ikajibu. Mimi nilikuwa kwenye korido nawachekesha watu. Niliporudi, skrini ilikuwa inanipongeza kwamba kazi imekamilika.

Dada, sauti zimefutika, na aliyezifuta ni mimi. Nakala sikuweka, mimi ninayewahubiria wanafunzi habari za nakala kila Jumatatu. Fundi wa kurejesha data alikaa na diski siku nne, akanirudishia, akasema pole.

Hukuweza kuja kumzika Mama, na nilijua hizo ndizo ulizokuwa unazisubiri. Sikuwahi kuzisikiliza, zilikuwa zako. Ninachojua ni kidogo. Nilikuwa nambonyezea kitufe, yeye anaanza kwa kukuita Kichuna, halafu ananipungia mkono nitoke. Nilikuwa natoka na kufunga mlango. Siku moja nilimsikia akicheka humo ndani, akacheka sana.

Wasalimie wote wa nyumbani. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa maandishi, nijue barua imefika.

Ni mimi mdogo wako,
Bonge